Waliokaa Ndani ya Msitu: Kutoka Chala hadi Kasigau

Ukisimama ukingoni mwa Ziwa Chala ukatazama kusini, unaiona Taveta kule chini pamoja na kipande cha msitu kilichobaki kando ya Mto Lumi. Karne ya 19 msitu huo ndio uliokuwa mji wenyewe. Wataveta walilima migomba chini ya miti mikubwa, na vijia vya kuingilia vilikuwa vyembamba, vimezibwa kwa magogo, mtu apite kwa kuinama. Mvamizi wa Kimasai na mkuki wake angeanzia wapi humo? Mmisionari Charles New alipita mwaka 1871, mpelelezi Joseph Thomson mwaka 1883, na misafara ya pwani ilitua mizigo hapo, ikanunua chakula, ndipo ikaendelea na safari ya bara.

Anayedhani msitu wa hifadhi ni mahali pasipowahi kukaliwa na watu, na apande Kasigau, mlima wa mita 1,641 kusini mwa Voi. Mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba na wenzake walichunguza huko mapango yaliyozibwa kwa kuta za mawe, na ndani ya kuta hizo mna miti ya ujenzi, ambayo umri wake hupimika maabara. Kutoka nje, ukuta unafanana na jabali lenyewe. Bila shaka ndiyo iliyokuwa nia ya wajenzi. Kusimba anazihusisha ngome hizi na uvamizi wa kuteka watumwa na mifugo, baada ya enzi ambapo eneo hili la Tsavo lilifua chuma na kuuza pembe za ndovu pwani. Kisha ikaja njaa ya 1884, ambayo Wataita huiita Mwakisenge, iliyoua na kutawanya wengi.

Lakini Kasigau haikuhamwa kwa sababu ya njaa. Agosti 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliteka kambi ya Waingereza mlimani, na Waingereza wakawashuku wenyeji kuwa ndio waliowaonyesha adui njia. Nyumba zilichomwa moto na watu wakapelekwa Malindi, uhamishoni, ambako wengi walikufa. Waliosalia walirudi miaka ya 1930. Leo vijiji vya Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi na Kiteghe vimeuzunguka mlima chini, na kule juu miti imejiotea. Mimi ningependa wachimbaji wa akiolojia wajao waanzie kwenye majivu ya 1915, maana yana umri wa kukumbukwa: wajukuu wa waliohamishwa wapo, na wanaweza kusema boma la nani lilikuwa wapi.

Vita hivyohivyo vina watalii wake. Mlima Salaita unatembelewa kwa ajili ya pigano la Februari 1916, na katika makaburi ya wanajeshi ya Taveta, Maktau na Voi nyasi hufyekwa na majina husomeka vizuri. Wakasigau waliozikwa Malindi, mimi sijaona walikoandikwa.