Klemzig: Mtaa uliovuliwa jina ukavikwa la vita

Serikali ikianza kubadilisha majina ya vijiji, aghalabu kuna watu inaowatilia shaka. Mtaa wa Klemzig jijini Adelaide, Australia Kusini, unalijua hilo.

Mnamo Novemba 1838 Walutheri kutoka Prussia walitua huko kwa meli za Prince George na Bengalee, wakiongozwa na Mchungaji August Kavel. Mfalme wao, Friedrich Wilhelm wa Tatu, alikuwa ameyaunganisha makanisa ya Kiprotestanti na kuwashurutisha waumini wafuate ibada mpya. Wakakataa katakata. Tajiri Mwingereza, George Fife Angas, akawakopesha nauli na kuwapangisha ardhi kando ya Mto Torrens. (Wenyewe wa ardhi hiyo, Wakaurna, nani aliwauliza?) Wahamiaji wakakiita kijiji chao Klemzig, jina la kijiji walichokiacha nyuma. Hapo walilima, wakasali na kusomesha watoto kwa Kijerumani.

Kisha vita vya 1914 vikaja. Watu waliozaliwa Australia, tena wajukuu wa wale wa 1838, ghafla wakaonekana maadui kwa sababu ya ndimi zao. Mwaka 1917 shule za Kilutheri za jimbo hilo zikafungwa. Ajabu ni kwamba sisi huku neno lenyewe, shule, tulilipata kwa Wajerumani waliotawala Tanganyika, nalo halikumtisha mtu yeyote!

Mwaka uo huo Bunge la jimbo likapitisha sheria ya kufuta majina ya mahali yenye asili ya adui. Majina 69 yakaondolewa. Hahndorf ikawa Ambleside. Klemzig nayo ikaitwa Gaza, kuadhimisha mapigano ya Palestina ambako wanajeshi wa Australia walikuwa wakipigana upande wa Uingereza. Yaani watu waliokimbia bughudha za mfalme wa Prussia ndio waliobebeshwa dhambi za Ujerumani. Mimi naona hiyo ilikuwa dhuluma, hata ukizingatia hofu ya wakati ule.

Mwaka 1935 jina Klemzig lilirudishwa, na Hahndorf likarudi pia. Lakini kurejesha jina ni kazi ya karatasi na kibao tu. Watoto waliofungiwa shule walikuwa wameshakua, na wengi walilea watoto wao kwa Kiingereza. Na Gaza je? Halikupotea: klabu ya michezo ya mtaani humo ingali inaitwa hivyo.