Zima na zimika

Kitenzi "zima" kina sura mbili: mtu huzima taa, na taa nayo huzima. Dereva anaposema "lori limezima" hajaonyesha kama ameizima injini mwenyewe au imegoma. "Limezimika" ni bora, kwa kuwa umbo hilo lamwondoa mtendaji.

Fundi huhitaji zaidi: "lilififia likazimika" na "lilizimika ghafla" ni taarifa mbili tofauti kabisa. Injini ya dizeli haihitaji cheche. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa, hivyo mara nyingi huzimika kwa kukosa mafuta. Ikipoteza nguvu mlimani, ikakohoa, kisha ikazimika, hutazamwa kwanza filta iliyoziba, maji ndani ya dizeli, au bomba linalovuta hewa. Mafundi husema imeingiza upepo, nao huutoa kwa pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe. Hata tundu la hewa la mfuniko wa tangi likiziba, mafuta hugoma kuja. Kulegeza mfuniko na kusikiliza hewa ikifyonzwa ndani ni kipimo kisichogharimu chochote, na kinastahili kutangulia kabla ya kufungua pampu.

Ikizimika ghafla bila dalili, shaka huhamia kwenye umeme: waya uliolegea, rilei, au swichi ya pampu inayokata mafuta. Katika injini za kisasa huongezwa sensa ya krenkishafti, hasa kama injini huzimika ikipata moto na kuwaka tena ikipoa.