Ng'ombe wa Orma na Suala la Nani Aliyeanzisha Uzao

Farasi wa Ureno wana nasaba iliyoandikwa. Shamba la kifalme la Alter lilianzishwa mwaka 1748, na jina Lusitano likakubaliwa rasmi katika miaka ya 1960. Anayetaka historia yao hufungua daftari. Ng'ombe aina ya Boran nao wana daftari lao. Chama cha wafugaji wao kiliundwa Kenya mwaka 1951, na sauti iliyosikika humo ilikuwa ya walowezi wenye ranchi. Ndiyo maana maandishi mengi ya ufugaji huanzia hapo, kana kwamba kabla yake palikuwa na ng'ombe tu, si uzao.

Naona masimulizi hayo yamefanya chanzo kuwa tanbihi. Mbegu ya ranchi za walowezi huko Laikipia ilinunuliwa kwa Waborana na kwa wafanyabiashara wa Kisomali walioswaga mifugo kutoka kaskazini. Asili yake ni nyanda za Borana, kusini mwa Ethiopia. Tawi jingine liliteremka na Waorma hadi bonde la Tana, na leo linalishwa pande zote mbili za mto, Hola na Garissa. Tawi hili halikuandikwa katika daftari lolote, na karantini za kikoloni zilizozuia mifugo ya kaskazini kuingia kusini zilizidi kulitenga.

Hata hivyo, tawi hilo ndilo lenye la kutufundisha. Kando ya Tana kuna mbung'o, na mbung'o huleta nagana: ng'ombe hukonda, manyoya husimama, damu hupungua hadi ufizi ukapauka. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwalinganisha ng'ombe wa Orma na Boran walioboreshwa, katika ranchi ya Galana, bara ya Malindi. Wale wa Orma waliambukizwa mara chache zaidi, wakastahimili zaidi upungufu wa damu, na hawakuhitaji dawa nyingi kama wenzao wa daftarini.

Atakayepinga atasema huo ni uteuzi wa maumbile: aliyechagua ni mbung'o, si mchungaji. Kweli, mbung'o ana fungu lake. Lakini mbung'o hahasi fahali. Anayeamua ndama yupi aachwe apande majike, na yupi ahasiwe au apelekwe mnadani, ni mwenye zizi, naye huamua akimkumbuka mama wa ndama huyo na jinsi alivyovuka ukame uliopita. Mfugaji wa Kiorma au wa Kisomali anaijua nasaba ya kundi lake kwa kichwa. Tukiuita ufugaji huo bahati, itabidi tuuite hivyo na ufugaji wa wafalme wa Ureno.

Kaunti za Garissa na Tana River zifungue daftari la ng'ombe wa Orma sasa, kabla mafahali wa kigeni hawajaichanganya damu hiyo, na safu ya mzalishaji ijazwe majina ya wafugaji wenyewe.