Mtandao wa vihisi wa Nyiragongo

Mtandao wa vihisi wa Nyiragongo ni mkusanyiko wa vituo vinavyopima mitetemo na mabadiliko ya umbo la ardhi kuzunguka volkeno ya Nyiragongo, Kivu ya Kaskazini, na kutuma data bila waya kwa Kituo cha Uangalizi wa Volkeno cha Goma (OVG), kilichoanzishwa mwaka 1986.

Vipokezi vya setilaiti vilianza kufungwa mwaka 2009. Seismomita zinazotuma data papo hapo zilifuata kuanzia 2013.

Mlipuko wa 22 Mei 2021 ulionyesha mipaka ya mtandao huo. Kwa miezi kadhaa kabla yake intaneti ya kituo ilikuwa imekatika kwa kukosa fedha, ikarudi Aprili. Hata hivyo upungufu huo pekee hautoshi kueleza mipaka hiyo: uchambuzi wa baadaye ulikuta kwamba dalili za wazi zilijitokeza takriban dakika 40 tu kabla ya lava kutoka. Mitetemo iliyofuata ilifuatiliwa vizuri zaidi, na tarehe 27 Mei mamlaka ziliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe. Keshero, mtaa wa magharibi ya mji kando ya Ziwa Kivu, haukuwa miongoni mwa hiyo 10. Wengi waliohama walielekea upande huohuo wa magharibi, katika mji wa Sake.