Mali kwa Mali: Tarehe ya Kadi Ndogo za Wasanii

Mwaka 1564 balozi wa Scotland, Sir James Melville, alikaribishwa na Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza hadi chumba chake cha kulala. Malkia akafungua kabati dogo. Ndani yake mlikuwa na picha ndogondogo za watu, kila moja imeviringishiwa karatasi, na juu ya karatasi malkia ameandika kwa mkono wake mwenyewe jina la mwenye sura. Moja ilikuwa ya Robert Dudley, Earl wa Leicester, kipenzi chake. Melville akaiomba ampelekee malkia wake, Mary wa Scotland. Elizabeth akakataa: ndiyo hiyo moja, hana nyingine. Balozi hakukosa jibu. Akamwambia kwamba malkia anaye mwenye sura yenyewe, maana Leicester alikuwa amesimama upande wa pili wa chumba kile kile akiteta na waziri Cecil.

Kisa hicho, alichokiandika Melville mwenyewe katika kumbukumbu zake, kina karibu kila kitu kilichomo katika kadi ndogo za wasanii wa leo: picha inayoenea kiganjani, jina lililoandikwa kwa mkono, pahali pa kuitunza, na mtu mwingine anayeitamani. Kilichopungua ni kimoja. Melville hakuwa na picha yake mfukoni ya kumpa malkia wabadilishane. Sharti hilo lilikuja kuwekwa baada ya zaidi ya miaka 400, na halikuwekwa London bali Zurich.

Fundi aliyetia fora katika picha hizo za Kiingereza alikuwa Nicholas Hilliard, mtoto wa sonara wa Exeter, naye mwenyewe alisomea usonara. Alichora kwa brashi za manyoya ya kindi juu ya ngozi ya ndama iliyokunwa hadi ikawa laini kama hariri. Ngozi peke yake hujikunja, kwa hiyo aliibandika kwa gundi ya wanga juu ya karata ya kuchezea. Hadi leo, picha nyingi za zama hizo ukizigeuza utakuta nyuma alama za karata. Karibu mwaka 1600 Hilliard aliandika waraka wa mafunzo ya kazi hiyo, na maagizo yake yanachekesha na kufundisha kwa pamoja: mchoraji avae hariri kwa kuwa haimwagi nyuzi, ajihadhari mba wa kichwani usiangukie kazi, asizungumze juu ya picha mate yakaruka. Fedha iliyopakwa kwenye picha alitaka ing'arishwe kwa jino la mnyama mdogo wa jamii ya kicheche. Aliyewahi kuchora kitu cha ukubwa wa kidole gumba atayaelewa maagizo hayo bila maelezo zaidi.

Karata zikaachwa. Mnamo 1700 Rosalba Carriera wa Venice alianza kuchora juu ya vipande vyembamba vya pembe ya ndovu, na mafundi wa Ulaya wakamfuata. Msomaji wa pwani yetu asiharakishe kudhani kwamba pembe zetu zote ziliishia kwenye vidani vya mabibi wa Ulaya. Karne ya 19, misafara ilipokuwa ikishusha pembe Bagamoyo zivushwe Unguja, na kutoka hapo zipelekwe Bombay, London na Marekani, picha za namna hiyo zilikuwa zinakata roho. Pembe hizo ziliingia zaidi kwenye vibao vya piano, masega na mipira ya biliadi. Kilichoiua picha ya mkono ni kamera, iliyotangazwa Paris mwaka 1839.

Na kamera ilileta jambo ambalo brashi haikuwahi kulileta. Mwaka 1854 Mfaransa André Disdéri alisajili njia ya kupiga picha kadhaa kwenye kioo kimoja, kisha kuzikata na kuzibandika kwenye kadi za upana wa milimita kama 64 na urefu wa 100. Bei ilishuka, na miaka ya 1860 watu wa Ulaya na Marekani wakashikwa na wazimu wa kadi hizo: nipe yako nikupe yangu, kisha zote zichomekwe kwenye albamu sebuleni. Waliobadilishana wakawa ni watu wa kawaida, si malkia na mabalozi. Ila kazi ya mikono yao wenyewe haikuwamo.

Japani mikono ilibaki. Mahujaji wa huko walikuwa na desturi ya kubandika vipande vya karatasi vyenye majina yao kwenye mahekalu, na tangu mwishoni mwa karne ya 18 wenyeji wa Edo, ambayo ndiyo Tokyo ya sasa, walikuwa wakikutana mikutanoni kubadilishana vipande hivyo. Vya kubadilishana vikazidi kupambwa, vikachapwa kwa mbao za kuchongwa na rangi nyingi, kila mmoja akishindana kuleta kizuri kuliko cha jirani. Mwanaanthropolojia wa Chicago, Frederick Starr, alinogewa na desturi hiyo mapema karne ya 20 akawa mshiriki. Mkusanyiko wake uko Chuo Kikuu cha Oregon. Kwa maoni yangu hawa wa Edo ndio wanaofanana zaidi na wachora kadi wa leo, ingawa ukoo ni mwingine.

Kipimo cha kadi za leo kimetoka mahali pasipo na sanaa hata chembe: pakiti ya bigijii. Kampuni ya Topps ya Brooklyn, New York, ilikuwa ikiuza bigijii pamoja na picha za wachezaji wa besiboli. Kadi zake za mwaka 1952 zilikuwa kubwa kidogo. Mwaka 1957 ikazipunguza hadi inchi mbili na nusu kwa tatu na nusu, yaani milimita 64 kwa 89, kipimo kile kile cha karata za poka. Viwanda vingine vikafuata, vya hoki ya barafu vya Kanada vikiwamo. Watoto walibadilishana kadi hizo shuleni. Watu wazima wakaja kuzifanya hisa. Sy Berger, aliyebuni kadi za 1952, alisimulia kwamba masalia ya mwaka huo yalipokosa mnunuzi aliyapakia kwenye mashua mwaka 1960 na kuyatosa baharini. Mwaka 2022 kadi moja ya toleo hilo, yenye sura ya Mickey Mantle, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6.

Miaka ile ile ya kadi za Topps walikuwapo wasanii waliochoshwa na minada. Ray Johnson wa New York alikuwa akituma michoro na vipande vya magazeti kwa posta kwa watu aliowajua na asiowajua, akiwaagiza waongeze chao na wampelekee mwingine. Kufikia miaka ya 1960 mtandao wake ulikuwa umepewa jina la shule ya mawasiliano, ingawa haikuwa na jengo, karo wala mwalimu. Wenzao wa kundi la Fluxus walichapa kazi zao kwenye vikadi. Kisanduku cha George Brecht cha mwaka 1963, Water Yam, kimejaa maagizo mafupi ya matendo ya kufanya. Walichokuwa wakisema hawa wote ni kwamba sanaa yaweza kuwa kitendo baina ya watu, na kitu kinachobaki mkononi ni ushahidi tu wa kitendo hicho.

Zurich ilikuwa na damu hiyo tangu zamani. Ndipo Cabaret Voltaire ilipofunguliwa mwaka 1916 na wasanii wa kundi la Dada, waliofanya mzaha kuwa silaha wakati Ulaya inachinjana. Katika mji huo M. Vänçi Stirnemann, msanii na muuza vitabu vya mtumba, alikaa mwaka 1996 akatengeneza kadi 1,200 kwa mkono, zote kwa kipimo cha kadi za besiboli. Mwaka uliofuata, Aprili na Mei, alizionyesha katika duka lake la INK.art&text. Hadi hapo ni maonyesho kama maonyesho mengine. Watu walikuja, wakapenda, na walioguswa wakataka kuzichukua. Stirnemann hakuwatajia bei. Aliwaambia wanaozitaka waende wakatengeneze zao, kisha warudi siku ya kufunga maonyesho wabadilishane.

Wakarudi. Mkutano ule ukazaa mwingine, ukawa wa kila mwezi.

Masharti yalikuwa machache, na nayasifu kwa uchache wake. Kipimo ni kimoja, milimita 64 kwa 89, kisipungue wala kuzidi. Kadi iwe ya asili, au ya toleo dogo lenye namba. Nyuma mtengenezaji aandike jina lake, tarehe na namba. Haiuzwi. Hubadilishwa ana kwa ana. Ndani ya mpaka huo kila kitu ni ruksa: rangi za maji, wino, vipande vya gazeti, nyuzi za kushonea, tiketi ya basi, muhuri uliochongwa kwenye kifutio. Na hakuna anayeulizwa kama ni msanii. Mchoraji mwenye jina katika majumba ya sanaa akikaa mezani na mtoto wa shule, kadi moja ni kadi moja. Stirnemann aliuita mpango mzima onyesho la pamoja lisilokwisha, na nadhani hakukosea, kwa sababu ukiondoa watu wanaokutana, kilichobaki ni vipande vya karatasi ngumu.

Kutoka Zurich kadi zilivuka bahari kwa mtu mmoja. Don Mabie wa Calgary, Kanada, anayejulikana katika sanaa ya posta kwa jina la Chuck Stake, alihudhuria mikutano ya Zurich mwaka huo huo wa 1997. Aliporudi kwao akaanzisha mkutano kama huo katika jumba la The New Gallery, kabla mwaka haujaisha. Calgary ikawa mji wa pili wa tarehe hii, na kutoka miji hiyo miwili desturi ikasambaa Kanada, Marekani, Ujerumani, Australia na kwingineko.

Mezani mambo huenda hivi. Kila mtu ana jalada lake lenye karatasi za plastiki za mifuko tisa tisa. Unampa mwenzako jalada lako naye anakupa lake, mnafunua kimyakimya. Ukiona unayoitaka unauliza kama inatoka. Huenda haitoki, maana mwenye nayo ameipata kwa mtu mwingine na ameipenda, basi humkasirikii. Ikitoka, naye anachagua kwako. Hapo ndipo mtu anapojifunza kazi yake inavyoonekana na wengine: kadi aliyoihangaikia usiku kucha inapitwa, na ile aliyoitengeneza kwa mabaki ya karatasi inagombewa na watu watatu. Mteja aweza kununua picha kwa kuwa fedha anayo. Lakini mtu akikutolea kazi ya mkono wake ili apate ya mkono wako, hakuna kipimo cha haki kuliko hicho.

Wasiokuwa na meza karibu waligeukia posta. Mwenyeji hutangaza mada, ndege kwa mfano, na siku ya mwisho. Kila mshiriki hutuma idadi iliyokubaliwa pamoja na bahasha yenye anwani yake na stempu za kurudia. Mwenyeji huchanganya, hugawa na kurudisha. Njia hii imewafikia watu wengi kuliko mikutano, na waliojifungia vijijini hawakuwa na nyingine. Hata hivyo lile la kuchagua na kuchaguliwa limekufa humo. Unapokea ulichogawiwa, kama mgao wa sukari.

Kisha ikaja fedha. Mwaka 2004 wasanii waliokuwa wakiuza kazi zao kwenye mnada wa mtandaoni wa eBay walichukua kipimo kile kile wakakipa jina jipya, ACEO, na tofauti moja tu: hizi zinauzwa. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Mchoraji anunua rangi na karatasi, na mwenye kipato kidogo angependa kumiliki mchoro halisi kwa dola chache. Walikuwa waungwana pia kwa kubadili jina ili wasiwachanganye watu. Wengi hufanya yote mawili, kadi za kubadilishana jioni na za kuuza asubuhi, wala hakuna anayewafukuza.

Mimi niko upande wa Zurich. Kadi ya kuuzwa humtafuta mnunuzi, na mnunuzi ana anachokipenda: paka, maua, vichimbakazi wenye mbawa. Tazama kadi za sokoni utawakuta hao kwa wingi. Kadi ya kubadilishana humtafuta mtengenezaji mwenzake, ambaye hashangazwi na paka. Ndiyo sababu ya ajabu nyingi kuonekana kwenye majalada ya mikutanoni kuliko kwenye minada, ingawa huko kuna mafundi hodari zaidi. Kadi ya Mickey Mantle imefungiwa kwenye plastiki ngumu isiguswe na mkono. Hizi zimechakaa pembeni kwa kushikwashikwa, na hakuna aliyepata hasara.

Anayetaka kuingia kwenye tarehe hii hahitaji duka la vifaa vya sanaa. Karatasi moja ya manila ya kipimo cha A4 hutoa kadi tisa, tatu kwa tatu, na ukingo mdogo wa kutupa. Pima 64 kwa 89, kata kwa rula ya chuma na wembe, chora au bandika utakacho. Geuza, andika jina, tarehe na namba. Mtafute mwenzako, naye akate tisa zake. Mtu akikuuliza bei, mwambie akatengeneze ya kwake aje nayo.