Baruti ya Kujazia Risasi

Baruti ya kujazia risasi ni baruti isiyotoa moshi ambayo walenga shabaha na wawindaji, hasa Marekani, huitumia kujaza upya maganda yaliyokwisha kupigwa. Chimbuko lake ni kazi ya Paul Vieille wa Ufaransa mwaka 1884. Aina zake hutofautiana kwa kasi ya kuungua, na anayeanza huvutiwa na ile ya kasi kwa kuwa kipimo kidogo hutosha na kopo moja hujaza maganda mengi. Hoja hiyo ya gharama ni ya kweli, lakini haina uzito mbele ya hatari iliyopo. Kwa mfano, ganda la risasi ya bastola ya .38 Special awali lilijazwa baruti nyeusi, hivyo lina nafasi kubwa. Baruti ya kasi hulala chini kabisa, na kipimo cha pili kikimiminwa kwa bahati mbaya, hakifuriki. Shinikizo la kipimo hicho maradufu huweza kupasua bastola mkononi. Baruti yenye ujazo mkubwa, inayopita nusu ya ganda, ikirudiwa humwagika mezani, na kosa huonekana papo hapo. Wapo wasemao mizani yatosha kuzuia kosa hilo. Lakini mizani hupima uzito wa kipimo, haijui kimemiminwa mara ngapi. Kiasi chenyewe hufuata jedwali la mtengenezaji wa baruti hiyo, kuanzia kipimo cha chini kabisa.