Panga la Mbao Lisilotulia

Mvua za Novemba zikishika Tulia, upande wa Kitui, milango ya mbao hugoma kufungwa. Mlango uliokuwa ukiingia vizuri mwezi wa Septemba, kiangazi kikiwa kimekausha kila kitu, sasa unasukumwa kwa bega. Ikifika Februari umerudi ulivyokuwa. Mbao hunywa unyevu na kuutema, hata kama mti wenyewe ulikatwa enzi za babu. Kwa mlango, hiyo ni kero tu. Kwa panga la helikopta ni hatari, hata kama helikopta yenyewe ni ile ndogo ya kuongozwa kwa redio.

Helikopta hizo ndogo zilichelewa sana kuruka. Ndege ndogo za mabawa zilikuwa zikiongozwa kwa redio miaka mingi kabla Mjerumani Dieter Schlüter hajaitiisha helikopta. Juni 1970 aliipeleka yake umbali wa kilomita 11.5, na baada ya hapo watu wakaanza kununua vipande vya kujiundia nyumbani. Mapanga yalikuwa ya mbao. Ubavu wa mbele, unaokata upepo, ulikuwa mti mgumu. Wa nyuma ulikuwa balsa, mti wa Amerika ya Kusini ulio mwepesi kama bua la mtama. Uzito ulitakiwa mbele, maana panga lenye mgongo mzito huanza kupepesuka likishika kasi.

Panga halikutoka dukani likiwa tayari kuruka. Mwenyewe alilipiga msasa, akaziba vinyweleo vya mbao kwa vanishi, kisha akalivika plastiki nyembamba inayonywea ikipigwa pasi. Ndipo kazi ikaanza. Alifunga mapanga mawili kwa bolti moja, akayaning'iniza kama mizani ya dukani, akatazama lipi linashuka. Lile jepesi liliongezwa kipande cha utepe nchani, kisha kingine, mpaka yote mawili yatulie sawa.

Ukidhani huo ni mchezo wa wazee wasio na kazi, piga hesabu. Panga la gramu 150 likizunguka mara 1,500 kwa dakika, kitovu cha uzito wake kikiwa sentimita 35 kutoka katikati, huvuta bolti yake kwa nguvu inayopita uzito wa gunia la mahindi la kilo 90. Gramu moja iliyozidi nchani, sentimita 65 kutoka katikati, hutikisa mtambo mzima kwa nguvu ya kilo moja na nusu, mara 25 kila sekunde. Skrubu gani itavumilia hapo? Na gramu moja ni kitu gani kwa mbao iliyolala usiku mmoja wa mvua na plastiki yake ikiwa imechanika?

Ndiyo maana matunzo yake yalikuwa kama ya mtoto mchanga. Mapanga hayakuachwa kwenye buti ya gari juani, yasije yakapinda. Kila mara kabla ya kuruka mtu alikagua tundu la bolti, kwa sababu ufa huanzia hapo. Nchani alibandika utepe wa rangi mbili tofauti, akasimama mbali, akatazama mduara ukizunguka: rangi moja ikipanda juu ya nyingine, panga lile lilipunguzwa mwinamo. Panga lililogonga ardhi halikuungwa kwa gundi. Mapanga ni pacha: mmoja akivunjika, mwenziwe naye hustaafu.

Helikopta kubwa zilipitia shida ileile. Bell 47, iliyoidhinishwa Marekani kwa safari za kiraia Machi 8, 1946, ilianza na mapanga ya mbao. Bristol Sycamore ya Waingereza nayo ilikuwa na mapanga ya mbao, na joto na unyevu wa misitu ya Malaya vikayasumbua vibaya. Kwa hizo kubwa metali ikachukua nafasi, kisha nyuzi za kioo na kaboni, ambazo zilifika hata kwa zile ndogo.

Lakini elimu ya kuituliza mbao Ukambani ipo, ingawa ilikuja kwa njia nyingine kabisa. Mutisya Munge wa Wamunyu, Machakos, alitumika Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaona uchongaji wa Wazaramo, na aliporudi akaanza kuchonga vinyago vya kuuza. Kazi ikaenea vijijini, ikafika Makindu, ikashuka hadi Changamwe, Mombasa. Mchongaji hupenda mti mbichi kwa sababu tezo huingia kwa urahisi. Hapo ndipo anapojipatia adui: twiga aliyechongwa mbichi, akasafirishwa haraka, akawekwa sebuleni Ulaya penye hita, hupasuka kuanzia miguuni. Nyufa ndogo huzibwa kwa unga wa mbao na gundi, kisha rangi ya viatu hupakwa juu. Mnunuzi wa kwanza hudanganyika. Wa pili haji.

Muhugu na mpingo vilipoadimika, wachongaji wakageukia mwarobaini, mwembe na jakaranda, na kila mti ukawadai subira yake. Mpingo, kwa taarifa yako, hauwezi kuwa panga: ni mzito kiasi kwamba huzama majini. Na kwa maoni yangu mbao haikushindwa angani kwa udhaifu. Ilishindwa kwa sababu kiwanda hakiwezi kuuza kitu ambacho mnunuzi lazima akipime upya kila msimu.

Kwa hiyo ukirithi helikopta ya zamani yenye mapanga ya mbao, usiiwashe kwanza. Yalaze mapanga juu ya kioo uone kama yamepinda, yaning'inize, kisha angalia tundu la bolti kwenye mwanga. Ukiona ufa, hata uwe mwembamba kama unywele, tupa yote mawili.